Vua Kila Chuma Mwilini

Jombang, 2 Juni 2006

Bi Munaji, mke wangu wa jukwaani,

Salamu kwako na kwa goti lako jipya, maana nasikia sasa mnatembea wawili.

Barua yako kutoka Balikpapan imefika. Kurasa nne! Mtu mzima, babu mwenye wajukuu, anakaa kitako kusifia goti kana kwamba kalizaa yeye. "Napanda ngazi, Kang. Nachuchumaa kidogo, Kang." Kaka yako amesikia, hongera. Mjukuu wa jirani ana mwaka mmoja, anachuchumaa vizuri kuliko wewe, na hajaniandikia barua.

Nikukumbushe unaongea na nani. Mimi ni Kaslan, mchekeshaji mkuu wa kikundi cha Bintang Ploso, niliyechekesha watu kutoka Banyuwangi hadi Madiun, nikachekesha hata mazishi ya mkuu wa tarafa, na pale sikuwa nimekusudia. Wewe ulicheza nafasi za wanawake. Kikundi chetu kilikuwa cha wanaume watupu, kama maigizo yetu yanavyotaka, na hakuna mwingine aliyekubali kuvaa sidiria iliyojazwa sufi. Ulikuwa mwanamke mwenye sura mbaya lakini mwenye adabu. Mpaka mishikaki ulikuwa unaivua kijitini na kuila kwa uma, eti usiharibu rangi ya mdomo. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kunifundisha mimi ujasiri?

Ni kweli, goti langu la kulia limekwisha. Nikisimama linalia kama mlango wa banda la mbuzi. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, si cha kukaa kama mfalme kama hicho chenu, basi nimefunga kamba kwenye boriti, najishikilia humo kama nahodha kwenye dhoruba. Painten, mke wangu wa kweli, anasimama nje ya mlango ananiuliza kama bado niko hai. Daktari yuleyule aliyekupasua wewe Surabaya ameitazama picha ya eksirei, amesema hakuna tena mto katikati, mfupa unasaga mfupa. Binti yangu Suliyah, yule anayefanya kazi Taiwan, ameshailipa hospitali. Siku imepangwa, mwanzoni mwa Agosti.

Ushauri sitaki. Nataka tu kujua, kwa udadisi wa msanii, hiyo siku yenyewe inakuwaje. Niandikie barua, usipige simu. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na Painten pamoja na majirani wa pande zote mbili.

Mumeo wa jukwaani, na bwana wako hata leo,
Kaslan


Balikpapan, 13 Juni 2006

Kang Kaslan,

Udadisi wa msanii! Woga siku hizi umepewa jina zuri.

Haya, nitaandika polepole, maana shule uliiacha darasa la nne, na hilo la nne lenyewe ulilisomea dirishani.

Jioni ya kuamkia siku hiyo utaoga kwa sabuni ya dawa watakayokupa. Mwili mzima, Kang, si uso na makwapa. Baada ya hapo watakwambia saa ya mwisho ya kula na kunywa, na ikishapita, imepita. Usije na ujanja wako kwamba kahawa si chakula, au kwamba sigara ya karafuu ni dawa ya kifua. Ukiwa na kitu tumboni watakurudisha nyumbani, na watafanya vizuri.

Asubuhi utavalishwa gauni linalofungwa mgongoni, makalio yote nje. Mimi nilishazoea magauni. Wewe utalia.

Kila atakayeingia atakuuliza jina lako, tarehe ya kuzaliwa, na ni goti lipi. Wa dripu atauliza, wa kupima presha atauliza, wa kusukuma kitanda naye atauliza. Si kwamba wana vichwa vibovu, wanahakikisha kuwa wewe ndiye wewe. Wajibu kama mtu mwenye akili. Kisha daktari mwenyewe anakuja na kalamu, anachora alama kwenye mguu utakaopasuliwa. Usiifute, na usiongeze mchoro wako.

Halafu utavua kila chuma mwilini. Pete, saa, meno ya bandia, hirizi ya kiunoni. Humo ndani kuna mashine ya umeme ya kuziba mishipa ya damu, na chuma kikibaki mwilini kinaweza kukuunguza. Mimi walinifuta hata rangi ya kucha. Usicheke, ni mazoea tu.

Ndani watakukunja kama uduvi, mgongo nje, wakuchome ganzi kwenye uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini unakuwa mali ya mtu mwingine. Hulali. Wanaweka pazia kifuani ili usione, lakini masikio hawakuzibi. Msumeno utausikia, nyundo utaisikia. Ni kama fundi anatengeneza kitanda, na kitanda chenyewe ni wewe. Huumii, unasikia baridi tu. Nilitoa machozi kidogo. Kwa baridi.

Kesho yake, au hata siku ileile, atakuja binti mdogo wa mazoezi, mwenye uso wa malaika na roho ya mkoloni, atakwambia "Simama, Babu." Hapo ndipo utakapojua kuuma ni nini. Na kila mgeni atakayekuja kukuona atakuuliza kama umeshajamba, unawajua watu wetu, hawaamini upasuaji umeisha mpaka wasikie hilo.

Basi. Nenda.

Munaji


Jombang, 27 Juni 2006

Bi Munaji,

Nimekusoma. Nimefikiri. Siendi.

Sababu ninazo tele. Ya kwanza, gauni. Ya pili, yule daktari ni mtoto, shingo yake nyembamba kama ya kuku aliyeugua, anapiga nyundo gani yule? Ya tatu, mimi sikuzaliwa nije kukunjwa kama uduvi mbele ya wasichana. Ya nne nitaikumbuka kesho.

Hospitali zenyewe nazijua. Nililazwa Kediri kwa homa ya matumbo, wakanipa uji usio na chumvi, nikapona kwa hasira. Watu waliosoma wana dharau, wanakugonga mwilini kama wanachagua tikiti maji, halafu wanaongea wao kwa wao. Goti hili limetua kwenye mbao za majukwaa mia, limepiga kengele za kifundo cha mguu mpaka vijiji vikatetemeka. Halifunguliwi na mtoto.

Hata hivyo, hebu nifafanulie jambo moja dogo. Hiyo mashine ya umeme: chuma kinachokatazwa ni kile cha nje tu, au hata kilicho ndani ya nyama? Si mimi. Kuna jirani anauliza.

Kaslan, mwenye magoti yake mwenyewe


Balikpapan, 8 Julai 2006

Kang,

Jirani!

Painten amenipigia simu. Boriti ya choo imevunjika, nawe ukaanguka pamoja nayo, ukatolewa humo na watu wawili huku unawatukana. Sasa unakwenda haja kwenye ndoo, na Painten ndiye anayeibeba. Huyo jirani yako naye anabebewa ndoo?

Wewe ni mwanaume wa maneno matupu. Jukwaani ulicheza shujaa anayepigana na Waholanzi, na nyuma ya pazia panya alipita ukapanda juu ya sanduku la mavazi, ukanikumbatia mpaka sufi ikanitoka. Watu hawajui. Mimi najua. Nimekaa miaka yote nikijua, nikanyamaza, kwa kuwa uliponikuta sina nauli ya kurudi kumzika mama yangu, ulivua saa yako pale pale mbele ya kikundi kizima ukaiuza, kisha ukaenda mwezi mzima unauliza watu saa ngapi. Kwa hiyo nakuheshimu. Lakini leo nakudharau kwa moyo wote.

Kama ni woga wa kisu, sema. Kama ni kitu kingine, sema hicho. Usiponijibu nitapanda meli nije nikuburute mimi, kwa goti langu la bandia.

Munaji


Jombang, 17 Julai 2006

Naji,

Soma barua hii ukiwa peke yako. Ukishaisoma, ichome.

Mimi ninazo sindano.

Usijifanye hujui nasema nini. Sindano za dhahabu, nyembamba kama unywele, za kutiwa chini ya ngozi ili uvutie watu. Nilitiwa na Mbah Truno, yule mganga wa Mlima Wilis, mwaka wangu wa kwanza Bintang Ploso, kabla wewe hujaja. Mwaka ule watu walikuwa wananirushia maganda ya karanga. Mtu mmoja kule Nganjuk alinirushia kiatu, halafu akapanda jukwaani kukichukua, na yeye ndiye aliyechekwa kuliko mimi. Nilitaka kurudi kulima. Nikapanda mlima, Mbah Truno akaziweka mbili kwenye goti la kulia, kwa sababu mchezaji wetu huingia na mguu wa kulia, kengele zikilia. Alinifunga macho, akasoma maneno yake, nikasikia mchomo, basi. Usiku uliofuata nilipiga mguu chini, kengele zikalia, na watu wakacheka kabla sijafungua mdomo. Tangu siku ile hawakuacha.

Masharti unayajua. Usipite chini ya kamba ya nguo. Usile mishikaki moja kwa moja kwenye kijiti, sindano zitatoka. Ndiyo maana na mimi natumia uma. Nyinyi mlidhani namuiga Mzungu wa kiwanda cha sukari. Painten hajui mpaka leo.

Sasa ona. Ninyi mnasema vua kila chuma. Hiki nitakivuaje? Aliyekiweka ndiye wa kukitoa, na Mbah Truno ameshakufa. Nikinyamaza, mashine itaniunguza goti kama hindi la kuchoma. Nikisema, watazitoa wao kwa koleo, watazitupa kwenye ndoo, na mimi nitatoka humo mzee wa kawaida, mwenye goti zuri, ambaye hakuna mtu anayemcheka. Naji, nimejigamba maisha yangu yote, nawe unajua. Lakini nikikaa peke yangu najua kwamba kicheko si changu, ni cha zile sindano. Mimi nilikuwa mbebaji tu.

Daktari ameshaziona. Alipoinua ile picha mimi nilitazama ukutani kwa aibu. Hakusema neno. Alinistahi, mtoto yule, sikumtegemea.

Kaslan


Balikpapan, 26 Julai 2006

Kang Kaslan,

Barua nimeichoma, na kidole changu pia.

Sitasema mengi. Eti daktari amekustahi! Yule? Yule aliniambia mbele ya wanafunzi wake kwamba tumbo langu linakaribia kujifungua. Kustahi hakufundishwa. Ni sisi tunaofikiri kwamba kila anayenyamaza ananyamaza kwa adabu, na tunazeeka hivyo, hatuulizi.

Muulize. Siku hiyo, akija na kalamu yake, mshike mkono, mtoe Painten nje, muulize sindano zako zitafanywaje. Kama zitatolewa, zitolewe. Painten ameshabeba ndoo za kutosha.

Kuhusu kicheko chako sina la kusema. Sitaki uvimbe kichwa.

Mishikaki endelea kuila kwa uma mpaka tujue.

Munaji


Surabaya, hospitalini, 3 Agosti 2006

Kang Munaji,

Ni mimi Painten. Naandika kwenye benchi ya kusubiria maana nikikaa bure nitamng'ata mtu.

Huyu rafiki yako ni adhabu. Ameoga ile sabuni ya dawa huku akiimba, ameamka na njaa, amewaambia wauguzi kwamba hata Wajapani waliotutawala walikuwa wanatoa kahawa. Kila akiulizwa tarehe ya kuzaliwa anataja nyingine. Wa kwanza kamwambia Ijumaa Legi, siku ya kalenda ya wazee wetu. Wa pili kamwambia mwaka Wajapani walipoingia, msimu wa matunda ya rambutani. Wa tatu akasimamisha kila kitu, akidhani wameletewa mgonjwa siye, tukakaa mpaka nikatoa kitambulisho kwenye kanga. Nikamwambia, "Baba Suliyah, jibu kama binadamu." Akanijibu, "Wanataka kujua kama mimi ni mimi. Hata mimi nataka kujua."

Gauni nalo! Alitembea hatua mbili, wodi nzima ikaona kila kitu, akawainamia kama anashukuru makofi.

Halafu daktari akaja na kalamu. Kang, hapo ndipo sielewi. Alimshika daktari mkono, akanifukuza nje. Mimi! Nikabaki mlangoni. Nikasikia ananong'ona, ananong'ona, kisha daktari akasema kwa sauti, "Sindano zipi, Babu?" Wakaleta ile picha. Kisha nikamsikia mume wangu akitoa neno ambalo sijawahi kumsikia nalo hata siku alipoanguka na boriti.

Walipomsukuma kupita mbele yangu alikuwa amenyamaza. Hajanitania, hajaniaga kwa matusi. Miaka yote ya ndoa hii sijamwona amenyamaza akiwa macho. Amenitazama tu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Sindano gani, Kang Munaji? Mnanificha nini, wazee wawili wajinga? Mlango umefungwa sasa hivi.

Painten


Surabaya, 6 Agosti 2006

Bi Munaji,

Niko hai. Goti ninalo, kubwa kama nazi, lina plasta ndefu kama reli ya Semarang. Binti wako wa mazoezi nimemwona. Nilimwambia mimi nilicheza mbele ya magavana. Akasema, "Vizuri, Babu, sasa nichezee mpaka kwenye ule mlango." Mkoloni kweli.

Sasa nikwambie, na ukicheka nitasikia mpaka huku.

Hakuna sindano.

Daktari aliiweka picha kwenye taa, akanionyesha kwa kidole. Mfupa wa juu, mfupa wa chini, ubovu katikati. Nikamwambia, "Mwanangu, usinistahi, sema ukweli." Akasema, "Babu, ningeziona ningekupigia kelele siku ileile. Goti lako ni bovu, lakini halina kitu." Wala mashine haikuwa ya kuogopwa, akasema, mbona wao wenyewe wananitia chuma kizima humo ndani? Kumbe wanachokataza ni pete na saa!

Mbah Truno, mwizi mkubwa! Alinichoma mwiba wa mlimau, bila shaka, akatia dhahabu mfukoni. Na mimi, Kaslan, niliyewacheka watu wa mikoa yote kwa ujinga wao, nimezunguka kamba za nguo nusu ya umri wangu kama mbuzi anayekwepa matope. Harusi ya binti yangu mwenyewe nilikula mishikaki kwa uma! Mganga huyo angekuwa hai ningempeleka kwa binti wa mazoezi.

Lakini Naji, pale kitandani wakati wananisukuma sikuwa na hasira. Nilikuwa na baridi kabla ya baridi. Nilijisemea, kama hazikuwamo, basi waliokuwa wakicheka walikuwa wakicheka nini? Wakanikunja, wakanichoma mgongoni, miguu ikaniaga. Pazia likapanda. Msumeno ukalia kama ulivyosema. Nyundo, ko, ko, ko. Nikaona nikinyamaza zaidi nitakufa kwa kunyamaza. Nikasema, "Fundi, kitanda hicho kiwekee na droo."

Mtu wa ganzi, kichwani kwangu, akapumua puani. Ile namna ya mtu anayejizuia. Unaijua, Naji, tumeishi kwa sauti ile.

Nikaanza. Nikawasimulia Mbah Truno, mwiba, kamba za nguo, uma, aibu yangu yote niliyomficha Painten. Nikamwigiza mganga kwa mikono miwili tu, maana ndiyo niliyobaki nayo. Muuguzi mmoja akaanguka kwenye kiti. Nyundo ikasimama. Daktari akasema nyuma ya pazia, "Babu, nakuomba, nyamaza kidogo, siwezi kupiga nyundo huku nacheka."

Naji, watu wale hawajawahi kuniona jukwaani. Hawajui Bintang Ploso ni kitu gani. Kengele hazikuwepo. Hata mguu wenyewe, saa ile, haukuwa wangu.

Na walicheka.

Jana kijiji kizima kimekuja, wamepakiana kwenye gari la kubebea ng'ombe, wakaingia wodini wote kwa mpigo, wote kwa sauti moja: "Umeshajamba?" Mlinzi alitaka kuwatoa. Nikamwambia awaache, ni watazamaji wangu. Painten nimemwambia yote. Alinitazama, akasema, "Niliolewa nawe kabla sijaona goti lako, mjinga wewe," akatoka, akarudi na mishikaki ya mbuzi. Nimeila kwenye kijiti. Nimejichoma mdomo. Tamu, we!

Kaslan, mchekeshaji mkuu, bila msaada wa mtu


Balikpapan, 15 Agosti 2006

Kang Kaslan,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, halafu nikashuka ngazi bila kushika ukuta, nikaenda kwa muuza mishikaki wa pembeni ya msikiti. Ananijua. Akanipa sahani na uma kama kawaida. Uma nikamrudishia.

Na mimi nilikuwa nazo sindano mbili, Kang. Mdomo wa juu, kulia na kushoto. Mbah Truno huyohuyo, mwaka ule nilipoanza kucheza wanawake na watu wakanizomea kule Tulungagung. Walipolipiga picha goti langu niliomba Mungu wasinipige uso. Rangi ya mdomo sikuwahi kuijali hata siku moja.

Nimekula vijiti vyote, mafuta mpaka kidevuni, mchuzi wa karanga mpaka puani. Kilipobaki cha mwisho nikasimama kusubiri zitoke. Midomo yangu iko palepale. Muuza mishikaki akaniuliza, "Babu, kuna nini leo?" Nikamkonyeza, kama nilivyokuwa nawakonyeza watu wa viti vya mbele, shingo hivi, bega hivi. Akaangusha upepeo wake kwenye makaa kwa kucheka.

Wewe ni mjinga, Kang. Mimi ni mjinga zaidi, mimi zangu zilikuwa usoni na nilikuwa na kioo.

Fanya mazoezi. Nakuja Jombang baada ya mavuno, na sitaki kukusubiri mlangoni.

Mkeo wa jukwaani,
Munaji